TUIANGALIE MIGUU YETU: SARATANI YA NGOZI NA MFUKO WETU WA JAMII

Mada iliyotolewa na mwanachama wetu siku ya kusherehekea miaka 10 ya kikundi, hapa Kisesa. Imechapwa kama alivyoitoa, isipokuwa imefupishwa kidogo.



Nilipoambiwa kuwa nitazungumza, nilidhani wanataka niseme habari za mikopo, maana mnanijua, mimi nakopa na narejesha. Lakini Katibu akaniambia, "Dada, mikopo wataisema wengine. Wewe tuambie habari za mguu." Basi jamani, leo ni habari za mguu. Na mwisho kabisa nitatoa ombi moja linalohusu katiba yetu. Naomba msichoke kabla sijafika huko.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya ngozi ya kila mtu kuna chembe hai zinazotengeneza rangi. Mweusi anazo, mzungu anazo. Siku nyingine chembe hizo zinaasi. Zinaanza kuzaana bila mpango, zinajaa mahali pamoja, kisha zinashuka chini na kusafiri mwilini. Hiyo ndiyo saratani inayoitwa melanoma. Zipo saratani nyingine za ngozi, na mbili nitazitaja baadaye, lakini hii ni kali kwa sababu inasafiri haraka.

Wengi tunasema saratani ya ngozi ni ya wazungu wanaojianika ufukweni. Ni kweli wazungu wanaipata zaidi kuliko sisi, na kwao jua lina mchango mkubwa. Lakini sisi weusi nasi tunaipata, ila inatutokea mahali pengine: kwenye unyayo, kwenye kiganja cha mkono, na chini ya ukucha. Sasa unyayo unaonwa na jua lini? Ndiyo maana kwetu mtu hawezi kusema, "Mimi sikai juani, hainihusu."

Msione natoa hadithi za mbali. Mwaka 2012 madaktari wa hapa hapa Mwanza, Hospitali ya Bugando, walichapisha mapitio ya wagonjwa 154 wa saratani za ngozi waliotibiwa pale. Katika saratani hizo zote, melanoma ndiyo iliyoongoza. Sehemu iliyopatwa zaidi ilikuwa miguu. Na wengi wa wagonjwa hao walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Hao si wazungu jamani. Ni watu wa Kanda ya Ziwa, wanaolima mpunga na pamba na kuvua samaki kama sisi.

Vijana wenu wanavaa fulana zenye picha ya Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika. Yule bwana ugonjwa wake ulikuwa huu huu. Mwaka 1977 ulionekana kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha, na watu wakadhani ameumia kwenye mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu. Mtu mweusi, mwenye jina dunia nzima, akaondoka kwa kitu kilichoanzia kwenye ukucha.

Yaliyonipata mimi

Sasa niseme ya kwangu, kwa kifupi. Mnajua nilikuwa nalima majaruba. Ukitoka kwenye matope unaosha miguu, unaendelea na kazi. Siku moja nikaona doa jeusi karibu na kisigino, kama tope lililogoma kutoka. Nikasugua kwa jiwe, halikutoka. Halikuwasha wala halikuuma. Wiki ile ile nikaenda kwenye kituo kimoja cha tiba, sitakitaja. Nikaambiwa ni sugu, nikapewa mafuta ya kupaka. Nikapaka kama nilivyoelekezwa. Nikarudi mara ya pili, nikaambiwa niendelee. Ikapita miezi minne. Doa likatanuka, upande mmoja likawa jeusi, upande mwingine kama rangi ya udongo, na katikati pakaanza kutoa majimaji.

Aliyeniokoa ni kikundi hiki. Mnajua tukikaa kwenye vikao vyetu viatu tunaacha nje, tunanyoosha miguu kwenye mkeka. Mwenzetu mmoja akaniangalia unyayo, akasema, "Wewe, hilo siyo gaga. Kesho twende Bugando." Nikamwambia sina hata nauli, mpunga bado uko shambani. Tukamuuliza Mweka Hazina, akafungua katiba akasoma: msaada wa mfuko wa jamii hutolewa mwanachama akilazwa, au akifiwa, au akifariki. Mimi sijalazwa, sijafiwa, na sijafa. Mweka Hazina hakukosea, alifuata katiba. Basi akina mama mkafungua vifundo vya khanga, huyu sarafu, huyu noti, mkanichangia pale pale mkekani. Wabeja sana. Nimesema asante mara nyingi, lakini leo naisema hadharani ichapwe kwenye kitabu.

Bugando walikata kinyama kidogo wakapeleka maabara. Majibu yakarudi kuwa ni melanoma. Nikafanyiwa upasuaji, wakaondoa sehemu ile ya unyayo na pembeni yake, wakachukua ngozi pajani wakaja kuziba. Madaktari wakasema kilikuwa bado hakijashuka sana. Huu ni mwaka wa sita. Nipo, na marejesho yangu yapo.

Kwa nini kuwahi ndiyo dawa

Hiki kitu hakikui kwa upana peke yake. Kinashuka chini, kama muhogo unavyoshusha mizizi. Daktari anapopima kile kinyama, anapima kimeshuka kiasi gani, kwa milimita. Kikiwa hakijafika milimita moja, wagonjwa walio wengi wanapona kwa kukatwa tu, basi. Milimita moja ni kitu gani? Punje ya mchele wetu ni nene kuliko hapo. Kikizidi kushuka kinafika kwenye mishipa, kinakwenda kwenye tezi za kinenani, ndiyo unaona mitoki inavimba, halafu kinakwenda kwenye mapafu, ini au kichwani. Hapo kumwondoa inakuwa kazi kubwa, na wengine inabidi wakatwe mguu.

Tangu mwaka 2011 nchi tajiri zimepata dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na melanoma iliyokwisha kusambaa. Ni habari njema, lakini bei yake ni kubwa mno kwa mtu anayeuza mchele Kisesa. Dawa ya bei yetu sisi ni kuwahi.

Alama za kuangalia

Naomba mzikariri kama tunavyokariri sheria za kikundi:

1. Doa ambalo nusu yake hailingani na nusu nyingine.

2. Doa ambalo kingo zake zimechongoka-chongoka au zimefifia, huwezi kusema linaishia wapi.

3. Doa lenye rangi zaidi ya moja: nyeusi, kahawia, kijivu, nyekundu, hata buluu.

4. Doa linalozidi upana wa kifutio cha nyuma ya penseli ya mtoto wa shule.

5. Doa linalobadilika. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Lilikuwa dogo limekuwa kubwa, lilikuwa bapa limenyanyuka, lilikuwa kavu sasa linatoa damu.

Kwenye ukucha, angalieni mstari mweusi unaotoka kwenye shina la ukucha kwenda mbele. Msiogope bure: sisi weusi wengi tuna mistari ya namna hiyo kwenye kucha kadhaa na haina neno. Wa kutilia mashaka ni ule ulioanza ukubwani, uko kwenye ukucha mmoja tu, unapanuka, au weusi wake umevuka ukucha ukaingia kwenye ngozi.

Aidha, melanoma nyingine haina weusi wowote. Inatoka kama kinyama chekundu, mtu anadhani ni chunjua au alichomwa na mwiba. Hivyo basi, kidonda chochote cha mguuni ambacho wiki nne zimepita hakijapona, na hakina sababu inayoeleweka, kipelekwe kwa daktari. Msikipe jina la donda ndugu mkakaa nacho ndani.

Na msikikate kwa wembe, msikichanje, msikichome kwa maji ya betri wala kukifunga uzi. Mnapoteza muda, na mnamharibia daktari alama anazozitafuta. Wengine walinishauri kwamba nimerogwa, nimekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Sikugombana nao. Nilisema tu, kama nimetegwa, basi Bugando wamekitegua.

Makovu ya moto, na wenzetu wenye ualbino

Nilisema nitataja saratani nyingine mbili, na zote zipo kwetu.

Ya kwanza ni ile inayoota kwenye kovu la zamani, hasa kovu la moto. Mtoto alidumbukia kwenye uji, au mtu mwenye kifafa aliangukia jikoni. Akapona akabaki na kovu. Miaka inapita, ishirini, thelathini, kovu linachanika, linakuwa kidonda, linafunga, linafunguka tena, mwishowe linanyanyuka kama ua la koliflawa na kutoa harufu. Bugando waliandika pia juu ya hiyo mwaka 2012, wagonjwa 56, na makovu ya moto ndiyo yaliyokuwa chanzo kikubwa. Kovu la zamani likianza kuwa na kidonda kisichofunga, hiyo ni safari ya hospitali. Na mtoto akiungua leo, apelekwe leo atibiwe vizuri, maana kidonda kilichofunga vizuri ni kinga ya baadaye.

Ya pili ni ya wenzetu wenye ualbino. Wao ngozi yao haina ile rangi inayotukinga, hivyo jua linawaunguza moja kwa moja. Saratani inayowapata zaidi si melanoma bali ni ile ya tabaka la juu la ngozi, na inapenda uso, masikio, midomo, shingo na mikono. Inaanza kama magamba makavu yasiyoisha, au kidonda kidogo mdomoni. Ikikamatwa hapo, inatibika hata bila kulazwa.

Kanda yetu ya Ziwa ilijipatia aibu kubwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino walipowindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina. Tuliwalilia waliouawa kwa panga, na ilikuwa haki. Lakini wako wengi waliouawa na jua kimya kimya, na hofu ya mapanga iliwafanya wajifiche hata wasifike kliniki. Tarehe 13 Juni kila mwaka, tangu 2015, dunia nzima inaadhimisha siku ya kuelimishana kuhusu ualbino. Tusingoje tarehe hiyo. Mwenye mtoto wa namna hiyo amvalishe kofia pana na mikono mirefu, asimtume kuchunga au kuuza sokoni saa za mchana jua likiwa kali. Mafuta ya kukinga jua yapo, na mengine yanatengenezwa humu humu nchini, Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kwa ajili yao. Na mwalimu amkalishe mtoto huyo mbele, mbali na dirisha la jua, kwa sababu macho yake nayo yanaumizwa na mwanga.

Lakini tusichanganye mambo. Mafuta hayo ni ya wenye ualbino. Wewe mweusi usiende kuyanunua upake unyayo, hayatakusaidia. Kinga ya unyayo ni macho.

Kuishi nayo

Mtu akisikia saratani anasema, "Huyo kwisha." Mimi sijakwisha, lakini sitawadanganya kuwa ni rahisi. Kwenye majaruba sirudi tena, maana ngozi ile ya kubandika haivumilii maji na matope. Nilichukua mkopo hapa, nikaanza kununua mpunga, nakoboa, nauza mchele barabarani kwa wasafiri wa Musoma. Viatu navaa hata ndani ya nyumba. Jioni namwambia binti yangu aniangalie nyayo zote mbili, naye amezoea, anasoma kama anayesoma daftari.

Mwanzo nilikuwa nakwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, sasa ni sita. Siku tatu kabla ya kwenda, usingizi haupo. Kila kipele ni mshitakiwa. Nikipanda daladala pale stendi nasali mpaka Igoma, nikivuka Buzuruga nimenyamaza. Daktari akisema, "Mama, safi, nenda nyumbani," ninashuka kile kilima cha Bugando kama msichana. Mume wangu alikuwa haulizi kitu, nikadhani hajali. Kumbe tarehe za kliniki ameziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo. Akina baba mlioko hapa, kuandika ni kuzuri, ila na kuuliza pia kunasaidia.

Ombi langu

Sasa nafika kwenye ombi. Niliomba kuangalia daftari letu la mfuko wa jamii, la tangu tulipoanza. Tumetoa rambirambi, tumenunua sanda, tumesaidia majeneza, tumewapelekea uji waliolazwa. Tunajivunia hayo, na ni haki. Lakini katika kurasa zote za miaka kumi, hakuna mahali tumempa mtu nauli ya kwenda kupimwa kabla hajaanguka. Hakuna hata mstari mmoja. Mimi mwenyewe simo kwenye daftari lile, maana nilichangiwa mkekani.

Mnamkumbuka mama mwenzetu mmoja, sitamtaja kwa heshima ya wanawe walioko hapa. Alikuwa na kovu la moto la tangu utotoni, likawa kidonda. Alikaa nacho zaidi ya mwaka akingoja mavuno ili apate pesa ya kwenda Bugando. Alipofika alikuwa amechelewa. Tulipomzika, pesa ilitoka sandukuni siku ile ile, bila mjadala, funguo tatu zilikuja mbio. Pesa ilikuwepo, akina mama. Ilikuwepo muda wote. Katiba yetu ndiyo iliyoiambia ingoje afe kwanza.

Hivyo basi, naomba katika mkutano mkuu ujao tuongeze kipengele kimoja, kiseme hivi: mwanachama, au mtoto wake, au mzazi anayemtunza, mwenye kidonda kisichopona au doa linalobadilika, apewe nauli na pesa ya kumwona daktari kutoka mfuko wa jamii, bila kungoja kulazwa.

Najua kuna watakaosema mfuko utakauka, kila mtu atakuja na kipele. Ni hoja ya maana, na nimeifikiria. Napendekeza masharti matatu. Kwanza, wanachama wawili wa kamati waone hicho kidonda au doa kwa macho yao. Pili, msaada huo usizidi mara moja kwa mwaka kwa mtu mmoja, isipokuwa daktari ameandika arudi. Tatu, anayepewa alete karatasi ya hospitali kwa Katibu, kama tunavyodai risiti kwa kila shilingi. Nauli ya daladala kutoka hapa hadi mjini, kama kilomita 20, kwenda na kurudi, haifiki bei ya sanda. Sisi ni watu wa hesabu. Tufanye hesabu hiyo.

La pili halihitaji pesa kabisa. Kikao cha kwanza cha kila mwezi, kabla sanduku halijafunguliwa, kila mmoja amwangalie mwenzake nyayo, katikati ya vidole, na kucha. Dakika tano zinatosha. Mwenye ualbino aangaliwe uso, masikio na shingo. Mwenye kovu la moto alionyeshe. Mtaona aibu mwezi wa kwanza kwa sababu ya magaga. Mwezi wa pili mtakuwa mmezoea, na pengine magaga yenyewe yatapungua.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi hapa tuliunda kikundi ili tusifichane umaskini wetu. Tulikaa chini, tukasema mimi sina, na wewe huna, tuweke pamoja. Kama tuliweza kuonyeshana mifuko mitupu, tutashindwa kuonyeshana miguu?

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba na wewe utusaidie kufikisha ujumbe kwa watoa huduma wa vituo vyetu: mtu akirudi mara ya pili na doa lile lile halijapona, wasimwongezee mafuta, wampe rufaa.